Puti 38: mwongozo kamili wa kurekebisha raundi iliyopotelea kwenye grini

Siku ile, kwenye raundi ya gofu ya mashimo 18, sikupoteza mpira hata mmoja. Mikwaju ya ti, yaani ya kuanzia shimo, ilikwenda nilikoituma, na katika grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) 13 kati ya 18 nilifika nikiwa na puti mbili, mikwaju ya kuviringisha mpira shimoni, mkononi za kupata paa, yaani idadi ya mikwaju iliyowekwa kwa shimo. Anayecheza mashindano ya ridhaa anajua kwamba raundi kama hiyo huwa ya kombe. Nilirudisha kadi ya 79 kwenye uwanja wa paa 72, na kombe likachukuliwa na mtu aliyenizidi kwa mikwaju 2. Nilipohesabu puti, zilikuwa 38.

Uwanja ulikuwa wa Pwani. Mimi nimezoea grini za bara, karibu na Nairobi, ambako mpira huteleza mbali kwa mguso mdogo. Kedi niliyepewa, yaani mbeba fimbo, alikuwa mzee aliyekulia kwenye uwanja ule. Kwenye grini ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, ukoka huu walala kuelekea baharini. Ukiputi kutoka huko kuja huku, gonga zaidi." Nikamjibu, "Sawa mzee," kisha nikaputi kama niko nyumbani. Mpira ulisimama hatua nne kabla ya shimo. Kosa hilo nililirudia mara mbili zaidi kabla jua halijapanda sawasawa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mchezaji aliyetoka kwenye raundi ya namna hiyo juzi na bado inamchoma. Nimeupanga kwa siku, kuanzia jioni ya kushindwa hadi asubuhi ya shindano linalofuata, maana hivyo ndivyo nilivyoupitia.

Usiku huohuo: kalamu kabla ya fimbo

Acha fimbo kwenye mkoba. Hamu ya kurudi kwenye grini ya mazoezi magharibi na kugonga mipira kwa hasira naijua, na pia hamu ya kumpigia simu rafiki mwenye fimbo ya kuuza. Zote mbili zitakufanya utibu ugonjwa ambao hujaujua.

Keti na kadi yako kabla hujalala, kwa sababu kumbukumbu ya puti haikai. Ikifika Jumanne utakumbuka zile mbili zilizouma tu. Pitia shimo kwa shimo. Andika puti ya kwanza ilikuwa ya hatua ngapi, na kama ilikuwa ya kupanda au ya kushuka. Andika mpira ulisimama wapi: ulipungukiwa au ulipita, ulikuwa kushoto au kulia. Mwisho andika puti ya pili ilibaki na urefu gani. Kwa anayeanza zoezi hili, hatua moja ya mtu mzima ichukulie kuwa kama mita moja. Usahihi huo unatosha.

Kadi yangu ilisema hivi. Katika zile grini 13, tisa nilimaliza kwa puti mbili na nne kwa puti tatu. Puti za kwanza kwenye zile nne zilikuwa za hatua 14, 11, 16 na 12. Tatu zilipungukiwa vibaya, moja ikapita. Kwenye mashimo matano niliyokosa grini, nilichipu, yaani nikaupiga mpira mkwaju mfupi wa kuuinua, ukakaa karibu na shimo kila mara. Mawili nikaokoa paa, matatu nikakosa puti za kati ya mita moja na mbili. Mbili kati ya hizo tatu zilitoka kulia. Bogi, yaani mkwaju mmoja zaidi ya paa kwenye shimo, zilikuwa nne za puti tatu na tatu za puti fupi, jumla saba juu ya paa. Sikuwa na bogi nyingine yoyote.

Kesho yake: isome kadi kama daktari

Idadi ya puti peke yake hudanganya. Mtu anayekosa grini 15 na kuchipu mpira karibu na shimo anaweza kumaliza na puti 29 akapiga 84. Mwingine akapiga grini 16, mpira ukikaa mbali kila mara, akawa na puti 35 bila kosa kubwa. Kwa hiyo usianze kulia kabla hujatazama urefu wa puti zenyewe.

Kuna vipimo vinavyosaidia kuondoa majuto yasiyo na msingi. Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour, mzunguko wa mashindano wa Marekani, walio bora duniani, huingiza takriban nusu tu ya puti za mita 2.4. Kwenye mita 3 huingiza kama 4 kati ya 10. Kwenye mita 6 huingiza kama 15 katika 100. Ukikosa puti ya mita 6, hukufanya kosa lolote. Kosa la mita 6 ni kuuacha mpira mita 2 kutoka shimoni.

Kadi yangu nilipoisoma kwa jicho hilo, ilionyesha maradhi mawili yasiyohusiana. Puti ndefu zilikufa kwa umbali, puti fupi zilikufa kwa mwelekeo. Wengi hufanya zoezi moja kwa yote mawili, tena kwa kawaida ni lile la kusimama mita 3 na kugonga mipira mitano shimo lilelile, ambalo halitibu hata moja. Umbali ulininyang'anya mikwaju minne, mwelekeo mitatu, kwa hiyo nilianza na umbali. Yako ikisema kinyume, anza na kinyume.

Umbali: hapa ndipo penye kazi

Tazama shimo lenyewe. Upana wake ni milimita 108, na mpira ni kama milimita 43. Mpira unaofika ukiwa umechoka unaweza kuingia kwa mlango wa mbele, kwa ubavu wa kushoto au wa kulia, hata kwa nyuma ukizunguka ukingo. Mpira unaofika kwa kasi una mlango mmoja tu, katikati kabisa. Mwendo unaamua ukubwa wa shimo unaloputia, na unaamua pia mpira utapinda kiasi gani njiani. Mstari uliosomwa vizuri kwa mwendo mbaya ni mstari mbaya.

Mwaka 1935, baada ya kutazama shindano kubwa la US Open pale Oakmont, Pennsylvania, Mmarekani Edward Stimpson alitengeneza kifaa cha kupima kasi ya grini. Ni ufito wenye mfereji. Mpira huwekwa juu, ufito huinuliwa polepole hadi mpira ujiporomoshe wenyewe, kisha hupimwa umbali uliokwenda. Stimpmita ya leo, ambayo chama cha gofu cha Marekani kilianza kuigawa kwa viwanja mwaka 1978, inafuata wazo hilohilo. Jambo zuri ni kwamba nguvu inayotumika haibadilikibadiliki, kwa hiyo kinachobadilika ni grini tu.

Wewe unaweza kuwa Stimpmita yako mwenyewe. Tafuta sehemu tambarare kwenye grini ya mazoezi ya nyumbani. Vuta fimbo nyuma hadi kichwa chake kifike mbele ya kidole gumba cha mguu wa nyuma, kisha iachie ipite kwa mwendo uleule wa pole, bila kuongeza nguvu. Gonga mipira mitatu, hesabu hatua, rudia kwa siku kadhaa hadi upate namba inayokaa. Kwangu nyumbani ni hatua 8. Pwani, mguso uleule ulikwenda hatua 6. Ningepima asubuhi ile, ningejua kabla ya ti ya kwanza kwamba kila puti ya hatua 12 inahitaji mguso wa hatua 16 za nyumbani. Nilipima baada ya raundi, nikiwa nimesimama peke yangu pale, na nakiri kwamba ndicho kipimo kilichonifundisha kuliko chochote mwaka ule.

Mazoezi ya umbali yafanye bila shimo. Chomeka vijiti vya ti kwenye hatua 5, 10 na 15. Gonga mpira mmoja kwa kila kijiti, kisha rudi, na usirudie urefu uleule mara mbili mfululizo, kwa sababu uwanjani hutapewa puti ya pili ya kujisahihisha. Lengo ni mpira usimame ndani ya duara la hatua moja. Ukishazoea, fanya jambo hili: gonga, kisha kabla hujainua kichwa sema kwa sauti "umepungua" au "umepita" au "sawa". Ndipo utazame. Siku za kwanza utabahatisha. Baada ya wiki moja mikono itaanza kujua, na hiyo ndiyo hisia utakayokwenda nayo kwenye shindano.

Zoezi jingine ninalolipenda ni kuputi kuelekea ukingo wa grini, mpira usimame karibu na nyasi ndefu bila kuzigusa. Ukingo hauna bendera ya kukuvuta macho, na unakulazimisha uwaze urefu tu.

Kila puti ndefu, tazama shimo wakati ukifanya mizungusho ya mazoezi, yaani kuzungusha fimbo bila kugonga mpira, usitazame mpira. Mtu anayemrushia mwenzake chungwa hatazami chungwa.

Mita moja na nusu: uso wa fimbo

Kwenye mita 1.5 mpira ukitoka digrii 2 nje ya mstari, unafika ukingoni mwa shimo. Kwenye mita 3 ni digrii 1 tu. Kinachotawala mwelekeo huo zaidi ya kitu kingine ni uso wa fimbo unapogusa mpira, kuliko hata njia ambayo fimbo imepita. Basi mazoezi ya puti fupi ni mazoezi ya uso.

Nunua uzi wa chaki wa fundi mwashi. Tafuta puti iliyonyooka ya mita 1.5 na upige mstari hadi katikati ya shimo. Weka mpira juu ya mstari, na mbele yake, umbali wa mkono mmoja, chomeka vijiti viwili vya ti vikiacha mlango mpana kidogo tu kuliko mpira. Mpira ukigusa kijiti, uso ulikuwa wazi au umefunga. Piga kumi. Yangu saba ziligusa kijiti cha kulia, nami nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba zile mbili za Pwani zilitoka kulia kwa sababu ya mteremko.

Ukigundua unapeleka upande mmoja, kagua vitu viwili kabla ya kugusa mzunguko wako. Cha kwanza ni macho: simama kama unavyosimama, shikilia mpira wa pili kwenye daraja la pua, uuachie. Ukiangukia juu ya mpira ulio chini au karibu sana upande wako wa ndani, macho yako mahali pake. Ukiangukia ng'ambo, unaona mstari ambao haupo. Cha pili ni mikono. Wengi wetu kwenye puti fupi hukaza vidole bila kujua, na kichwa huinuka kutazama kabla mpira haujaondoka. Tiba yake ni ya zamani na bado ni nzuri: kwenye puti za chini ya mita 2, usiinue macho, sikiliza mpira ukiangukia kikombeni.

Kisha panga mipira 8 kuzunguka shimo lenye mteremko, umbali wa mita moja. Iingize yote mfululizo. Ukikosa wa saba, anza upya. Wa nane utakuja na mapigo ya moyo, na mapigo hayo ndiyo unayoyafanyia mazoezi.

Na kama unadhani ni sisi wa klabu tu tunaokosa hizi: Juni 16, 2024, Pinehurst No. 2 huko North Carolina, Rory McIlroy aliongoza US Open kwa mikwaju 2 mashimo matano yakiwa yamebaki. Kwenye shimo la 16 alikosa puti ya sentimita 76. Kwenye la 18 alikosa ya mita 1.1 hivi. Bryson DeChambeau akachukua kombe kwa mkwaju 1. Aprili 2025 McIlroy alishinda shindano kubwa la Masters, na hata siku hiyo alikosa puti fupi kwenye shimo la 18 kabla ya kushinda katika shimo la kwanza la ziada.

Kusoma nyasi, si mteremko tu

Mteremko nitaupita haraka, kwa sababu mchezaji wa mashindano anaujua: utazame grini nzima ukiwa bado unatembea kuijia, jiulize maji ya mvua yangekimbilia wapi, kisha usome puti ukiwa upande wa chini wa mstari ambako kupinda huonekana vizuri. Miguu nayo hupima. Simama kati ya mpira na shimo, bila kukanyaga mstari, usikie uzito umeegemea mguu upi.

Ukoka ndio uliotuangusha wengi. Majani yake hulala upande mmoja, na mpira unaoviringika kuyafuata hukimbia, unaoyapinga hushikwa. Ukitazama grini na kuiona inang'aa, kama nywele zilizopakwa mafuta, majani yanalala kukuacha, mpira utakwenda kasi. Ikiwa na rangi ya kijani kilichokolea, majani yanakuelekea. Ukibaki na shaka, tazama ukingo wa shimo lenyewe: upande mmoja huwa umekatika safi, mwingine umechakaa na kukauka. Majani yanalala kuelekea upande uliochakaa. Puti inayokatiza majani kwa ubavu nayo itasukumwa kidogo, na kwenye puti fupi karibu tambarare msukumo huo unaweza kushinda mteremko.

Saa pia ina neno. Grini iliyokatwa alfajiri si ileile saa tisa alasiri, kwa sababu majani yamekua na miguu ya watu imepita. Na Pwani usisahau upepo. Kusi ikivuma sawasawa, mpira wa puti ya kushuka husukumwa. Panua miguu, shusha mwili, subiri upepo upumue.

Fimbo mpya, na mikono inayotetemeka

Badilisha fimbo kama kadi za raundi tano zinasema upande uleule na zoezi la mlango wa vijiti limekushinda kwa mwezi. Kabla ya hapo, kagua mpini kama umechakaa na urefu kama unakulazimisha kuinama kupita kiasi.

Kutetemeka ni jambo jingine. Bernhard Langer wa Ujerumani alipambana na mikono iliyoruka yenyewe kwenye puti fupi, akabadilisha namna ya kushika fimbo zaidi ya mara moja, na alishinda Masters mwaka 1985 na tena 1993. Jaribu mkono wa kushoto chini ya wa kulia, au mshiko wa vidole kama kalamu. Kumbuka tu kwamba tangu Januari 1, 2016 ni marufuku kuegemeza mwisho wa fimbo kwenye mwili wakati wa kupiga.

Asubuhi ya shindano

Fika dakika 40 kabla, na dakika 20 za kwanza zitoe kwa grini ya mazoezi, usizitoe kwa kupiga mipira mbali. Anza na kipimo chako cha mguu wa nyuma: mipira mitatu upande mmoja, mitatu kurudi upande wa pili. Tofauti kati ya pande hizo inakuambia nyasi au mteremko unafanya nini. Kisha puti ndefu bila shimo, mpira mmoja mmoja. Dakika tano za mwisho ingiza puti za nusu mita, nyingi, bila kuwaza, hadi sikio lizoee mlio wa kikombe.

Fanya haya yote hapo, maana raundi ikianza huruhusiwi kupima grini unayoichezea kwa kuviringisha mpira au kuisugua. Kuputi kwenye grini uliyoimaliza kunaruhusiwa na kanuni, lakini mashindano mengi hukataza kwa kanuni za mahali. Soma karatasi yao.

Ndani ya raundi

Tumia haki zako. Tangu 2019 unaweza kutengeneza alama za viatu kwenye mstari wako, kuacha bendera shimoni ukitaka, na mpira ukisogea kwa bahati mbaya kwenye grini unaurudisha bila adhabu. Lakini kedi asisimame nyuma yako kwenye mstari unapokuwa unajipanga na kupiga. Kanuni zinapendekeza usizidi sekunde 40 kwa mkwaju, nazo zinatosha: soma, mizungusho miwili ukitazama shimo, weka uso wa fimbo, piga.

Puti ikipita shimo, usigeuze uso kwa uchungu. Tazama mpira hadi usimame, kwa sababu unakuonyesha bure jinsi ya kurudi. Na ile ya sentimita 40 iliyobaki, usiipige ukiwa umesimama mguu upande. Weka sarafu kama alama ya mahali pa mpira, vuta pumzi, ifanye kama nyingine zote.

Puti tatu zikitokea, andika papo hapo pembeni mwa kadi neno moja tu: "umbali" au "mwelekeo". Mimi nilipoanza kuandika hivyo niliacha kubadilisha mshiko katikati ya raundi, tabia iliyokuwa ikinigharimu zaidi ya puti yenyewe. Kama neno ni "umbali" mara mbili mfululizo, grini zimebadilika na wewe hujabadilika. Ongeza au punguza urefu wa mzunguko kwenye shimo linalofuata, mshiko uache ulivyo.

Na ukiwa uwanja wa ugeni, kabla hata hujachomeka kijiti kwenye ti ya kwanza, msalimie kedi wako, kisha umuulize: "Mzee, nyasi za hapa zalala wapi?" Msubiri amalize kujibu.